Gari Lililooshwa kwa Maji ya Kisima

Nilipofunua turubai asubuhi ile, nilidhani nimefunua gari la mtu mwingine. Jana yake nililiacha jeupe, bati tupu linalong'aa, baada ya siku tisa za msasa. Sasa lilikuwa na rangi ya binzari, kutoka boneti hadi buti. Nilipitisha kidole mlangoni kikatoka chekundu. Kutu. Nikakaa juu ya tairi.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi gari hilo lilitakiwa limtoe bibi harusi. Mwenye gari ni bibi mmoja mjane wa hapa hapa Likoni. Marehemu mumewe alilinunua walipokuwa vijana, na yeye mwenyewe alichukuliwa kwao ndani yake siku alipoolewa. Sasa mjukuu wake anaolewa, na alitaka atoke kwa gari lile lile. Fundi wangu alikuwa amekwenda Kwale kumuuguza mama yake, akaniachia kazi yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa gari.

Aliniachia na msaidizi pia, mtu wa bara, amenizidi umri mbali, mwenye mikono hodari na mdomo usiopumzika. Aliniita Bwana Waziri. Nikimwomba spana, aliniuliza kama nimeandika barua ya maombi. Nikikohoa tu, aliwaambia wapita njia wanyamaze, Waziri anataka kuhutubia. Watu walicheka, nami nikazidi kuinamia kazi. Mwishowe nikawa namwelekeza kwa kidole, kwa sababu kidole hakikuchekwa.

Jana yake alasiri ndivyo nilivyofanya. Gari lilijaa vumbi la msasa, nami nilikuwa nakimbilia praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kabla duka halijafungwa. Aliniuliza alioshe kwa maji gani. Nilinyoosha kidole kule yalikokuwa maji, nikaondoka. Kule kulikuwa na mitungi ya maji matamu tunayonunua kwa mkokoteni, na pipa la maji ya kisima. Kila mtu wa hapa anajua kwamba visima vyetu vina chumvi. Maji yake tunayafulia na kuyaoshea sakafu, lakini bati tupu haliguswi nayo. Sikufikiria kwamba kuna mtu wa kuambiwa.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi msaidizi alikuja akiimba. Alipoliona gari, wimbo ulikatika.

"Nililikausha vizuri kabisa," alisema. "Nikalifunika lisipate umande."

Nikamuuliza alitumia maji gani.

"Ya kisima. Hayo mengine ni ya kununua, nikaona tuyaachie chai. Kwetu ya kisima ndiyo safi."

Nilimtazama sana usoni nikitafuta utani. Kwa mara ya kwanza niliutamani uwepo.

Hatujafanya lolote, bibi akaingia. Alikuwa amekuja kuona kazi ilipofika. Nilimwamkia shikamoo, akasahau kuitikia. Alilizunguka gari, mkono kifuani. Msaidizi, nadhani ni kwa hofu, akasema, "Naona hata gari limepakwa hina, bibi."

Hakuna aliyecheka. Bibi alimgeukia taratibu.

"Nani kafanya haya?"

Msaidizi alinitazama mimi. Ndipo nikasikia sauti yangu, nami mwenyewe nikashtuka.

"Ni mimi, bibi. Nilimwonyesha kwa kidole, sikumwambia maji gani. Yeye hayajui maji yetu."

Bibi aliniuliza kama Jumamosi tutawahi. Nilitaka kusema inshallah, nikaona hiyo itakuwa njia ya kumdanganya. Nikamwambia kutu itatoka, ila rangi haitawahi, na litakuwa la kijivu, la praima tu.

Alishika kishikio cha mlango wa gari.

"Bibi harusi hatoki kwa gari la kijivu," alisema. "Atachukuliwa na gari la mjomba wake. Nyinyi fanyeni kazi yenu polepole."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alipotoka, msaidizi aliniuliza, kwa sauti ya chini na bila kuniita Waziri, aanzie wapi. Nikamwambia aanze na paa, kisha nikamweleza yote, neno kwa neno, mpaka koo likanikauka.

Jumamosi tulikuwa bado tunasugua, yeye upande wake, mimi upande wangu, tulipousikia msafara wa harusi ukipita barabara kuu kwa honi. Ulipita kwa muda mrefu. Hakuna kati yetu aliyeinua kichwa.