Bahasha za zamani zina faida? Zangu zimebaki bila pembe

Wakuu na wajukuu zangu, hamjambo. Naandika kwa kidole kimoja, shule niliishia darasa la pili, mkikuta kosa rukeni. Ila haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa Kigali, na chumvi sikutia.

Humu kuna watu wanabishana kama bahasha kuukuu na vikaratasi vya posta vina maana kuweka. Nami nina langu.

Tulikuwa wakimbizi Karagwe, Tanzania. Kambi nzima ilitumia sanduku moja la posta, la parokia. Marehemu mume wangu Gaspari ndiye aliyechukua barua na kuwasomea wasiojua kusoma.

Ukishasomewa unaondoka na barua yako, bahasha inabaki kwa Gaspari, ili ajue pa kujibu. Jina la mtumaji liko nyuma.

Nilirudi nazo Rwanda kwenye sanduku la bati. Kusoma nasoma kwa shida, lakini kila bahasha naijua: hii ya Nyirabagenzi, hii ya Kabera mfinyanzi, hii ya Sebahire, fundi cherehani wa Buyenzi kule Bujumbura, alimwandikia mkewe Mukarugwiza.

Wengi wao hata kaburi hawana.

Sasa Domitila, binti wa Sebahire, anakaa Kagarama. Baba yake alifia huko Bujumbura yeye akiwa tumboni. Picha hana. Nilimwahidi ile bahasha, maana nyuma Sebahire aliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe.

Mwanangu Inosenti ana kazi ya ofisi Kacyiru. Akapata mnunuzi kwenye simu, mtu wa kukusanya vitu vya posta. Huyo akamwandikia kwa Kiingereza kwamba anataka zenye "stamp" nzuri.

Hapo ndipo palipoharibikia. Sisi wazee tuna maneno mawili. Tembre ni ile unayobandika. Kashe ni muhuri anaogonga mtu wa posta. Mnunuzi alitaka kashe, kwenye bahasha nzima. Inosenti na Kiingereza chake akaelewa tembre.

Akashika mkasi, akakata pembe za bahasha zote. Pembe akaziloweka kwenye beseni tembre zibanduke, karatasi za hizo pembe akatupa. Mimi niko kanisani.

Narudi, nakuta kazianika kwenye taulo, anatabasamu. Alipotuma picha mnunuzi akajibu hazifai tena, kashe zimekatika katikati.

Inosenti akaniambia, "Mama, wihangane. Si makaratasi tu?"

Wihangane. Neno tunalopeana msibani, na yeye hakujua kama ni msiba.

Maana bahasha ukiikata mbele umekata na nyuma. Jina la Sebahire lilikuwa mgongoni mwa tembre, pale pale pembeni.

Nikampelekea Domitila bahasha yake hivyo hivyo, ahadi ni ahadi. Hakulia. Alipitisha kidole pale mkasi ulipopita, akauliza, "Aliandika hapa?"

Nikamwambia, "Ndiyo mwanangu. Hapo."

Basi mnaouliza faida, ipo. Ila usiweke kitu ambacho nyumbani kwako ni wewe peke yako unayejua ni cha nani. Inosenti bado anazo tembre zake kwenye mfuko wa plastiki, hakuna anayezitaka.

Pole msinipe, nimeshapewa za kutosha. Ila kama kwenu kuna bahasha nzima kutoka kwa Sebahire, fundi wa Buyenzi, igeuzeni nyuma mwangalie. Mkiliona jina, andikeni hapa chini. Domitila yupo.