Ukurasa wa Mzee Wathome

Kwenye saiba yetu, duka la kompyuta na uchapishaji hapa Machakos mjini, Alhamisi ndiyo siku ya marehemu. Mazishi mengi huwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi familia zinapanda ngazi hadi kwetu, juu ya duka la dawa za mifugo, zikiwa na picha moja tu kwenye simu, mara nyingi iliyopigwa kwenye harusi ya mtu mwingine, na sisi tunatakiwa tutoe programu ya mazishi ya kurasa nane kabla jua halijashuka. Mimi, Kavutha, nashika printa na kukunja. Syombua Wathome ndiye aliyekuwa akiandika na kupanga. Tulikaa meza moja miaka tisa, na sidhani kuna mtu Machakos aliyezika watu wengi kuliko yeye bila kushika jembe.

Alikuwa na mkono mzuri. Aliweza kuliondoa bega la jirani kwenye picha, amvike marehemu koti na tai ambazo hakuwahi kuvaa, kisha amwandikie maisha yake mpaka hata mashemeji waliogombana naye walie. Lakini alikuwa amechoka. Kila familia ilitaka njiwa wawili weupe juu ya jina, na kila Alhamisi alinigeukia na kusema, "Kavutha, hawa njiwa watanitoa roho." Nilikuwa nacheka. Baadaye nikaacha kucheka, kwa sababu niliona hatanii.

Saa ya chakula, wengine tukila githeri, yeye alikuwa akijifunza kutengeneza tovuti kutoka video za mtandaoni, sikio moja na waya, jingine likimsikiliza Mutiso, mwenye saiba. Alilitengenezea kanisa moja la Kivaa tovuti, kisha fundi wa viatu vya ngozi kule Kinanie, kisha watu wa kuchimba visima. Hakuna aliyejua ni yeye. Ndipo ofisi moja ya Syokimau ikatangaza nafasi ya msanifu wa tovuti. Hawakutaka vyeti. Walitaka kiungo cha tovuti yako mwenyewe, yenye kazi zako za kweli, kabla ya saa sita mchana, Ijumaa moja ya Oktoba. Zilibaki wiki sita.

"Nisipotoka hapa mwaka huu," aliniambia, "sitoki tena." Alikuwa na miaka thelathini na sita. Mimi nina arobaini na nne na bado niko hapa.

Wiki hizo sita nilimwona akichora tovuti yake nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye printa. Alichora, akatupa, akachora tena. Kazi za kanisa na visima zilikaa vizuri, lakini akawa anarudi pale pale: kazi yake kubwa, ile aliyoifanya vizuri kuliko wote, ni programu za mazishi, na ofisi ilisema kazi za kweli. Nikamwambia achague yoyote, tuko nazo mamia kwenye kompyuta. Akanikazia macho.

"Marehemu wa watu nimtumie kutafuta kazi? Mama yake akiona?"

Alikuwa na haki. Kwetu huwezi kuchukua msiba wa mtu ukautundika kama tangazo la duka. Kwa hiyo akatafuta mtu ambaye familia yake haikuhitaji kuombwa ruhusa. Akatumia picha ya baba yake, Mzee Wathome wa Kithyoko, aliyekuwa mzima na akilima ndengu zake. Akamwekea fremu nyeusi, akaandika "Maisha ya Mzee Wathome", na juu yake, kwa mazoea ya mkono, akaweka njiwa wawili. Chini ya jina akaandika mwaka wa kuzaliwa, 1951, akachora kistari, na baada ya kistari akaacha wazi. Kisha akaandika maisha yenyewe. Nilidhani ataandika maneno ya kujaza nafasi tu, lakini aliandika siku tatu na hakuniruhusu kusoma.

Kuijaribu, aliijaribu mpaka nikamhurumia. Aliifungua kwenye kompyuta kubwa ya Mutiso, kwenye simu yake, kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, na kwenye simu ya mwuza nyama wa chini, ambayo ilibidi aipanguse kwanza. Picha zilipochelewa kufunguka alizipunguza uzito. Fomu ya kumwandikia ilipokataa, aliitengeneza mara nne. Kila mahali aliandika anwani mwenyewe, herufi kwa herufi. Jambo moja tu hakulijaribu: kumtumia mtu kiungo.

Alhamisi ya mwisho, saa tano asubuhi, watu wakiwa wamejaa ngazini, akaifungulia dunia. Akaituma Syokimau. Tangu asubuhi alikuwa ameshapanga marehemu watatu. Na mimi, Mungu anisamehe, ndiye niliyesema, "Weka kwa grupu ya familia. Si wakuombee."

Akabandika kiungo peke yake, bila neno. Kisha akaiweka simu kwenye droo, maana Mutiso hataki kuona simu siku ya Alhamisi.

Sasa, WhatsApp ikipata kiungo, huchukua picha moja kutoka kwenye tovuti na kuitundika juu yake. Usipoichagulia, inajichagulia. Ilichagua Mzee Wathome, fremu nyeusi na njiwa wake. Na kule Kithyoko na Kivaa watu hununua bando la WhatsApp peke yake, ambalo halifungui tovuti yoyote. Kwa hiyo hakuna aliyeingia ndani kuona viatu wala visima. Waliona mzee wao kwenye fremu nyeusi, picha imetumwa na binti yake mwenyewe, yule ambaye kazi yake ni kuandika waliokufa. Wangeamini nini kingine?

Saa kumi alipofungua droo, simu ilikuwa na ujumbe mia na kitu. Wa kwanza kupiga tena alikuwa shangazi yake, Katunge, akilia mpaka nikamsikia nikiwa kwenye printa.

"Ndugu yangu anakufa na mimi naambiwa kwa grupu? Kwani mimi ni mtu wa barabarani?"

"Shangazi, baba ako hai. Hiyo ni kazi yangu tu, ni mfano."

"Wewe ulimwona lini?"

Syombua alikuwa amemwona Pasaka, na tulikuwa Oktoba. Akapiga simu ya baba yake, imezimwa. Ni simu ya mulika mwizi, na huwa anaipeleka dukani kuchajiwa. Akapiga tena, akapiga tena. Nilimwona uso unabadilika. Kwa karibu saa nzima, yeye mwenyewe aliyetengeneza ile picha hakuwa na uhakika. Niliogopa kumwangalia.

"Toa hiyo kitu saa hii!" Katunge alikuwa akipiga kelele. Syombua akaizima tovuti yote, si ukurasa ule peke yake. Haikusaidia, maana picha zilizokwisha kutumwa zilibaki palepale kwenye simu za watu.

Saa kumi na moja Ndunda, jirani yao wa Kithyoko, akapiga. "Mzee yuko. Ametoka shamba sasa hivi, anauliza watu wote hawa kwake, ni nani amekufa. Anasema kesho uje ueleze watu wewe mwenyewe."

Syombua akaweka kichwa juu ya kibodi akalia. Kisha akainuka, akafuta uso kwa kanga, akamalizia marehemu wawili waliobaki, kwa sababu familia zao zilikuwa bado zimesimama ngazini. Mutiso akafunga saiba tukiwa bado tunakunja.

Mpango wake ulikuwa aende asubuhi, aombe msamaha, anywe chai kikombe kimoja, arudi mjini kabla ya saa tano aifungue tovuti bila ule ukurasa. Mtu aliyeandika misiba mingi hivyo alipaswa kujua kwamba matangani hakuna kikombe kimoja. Nilienda naye. Nilikuwa na hatia yangu ya kubeba.

Tulikuta viti vya plastiki vimepangwa, wanawake wamekuja na sukari na majani ya chai, na kamati ya mazishi imeshachagua mwenyekiti, ambaye ni huyo huyo Ndunda. Hawakuwa wameenda nyumbani. Walishakuja, na mtu aliyekuja msibani haondoki tu hivi hivi kwa sababu hakuna maiti. Mzee Wathome mwenyewe alikuwa amekaa katikati, kofia magotini, amechoka kusalimiwa. Kila mtu alikuwa ameshika mkono wake kuhakikisha una joto.

Syombua akapiga magoti mbele yake. Mzee akamwambia ainuke, asichafue nguo. Akaeleza. Akaeleza tena kwa Kikamba kwa ajili ya wazee. Ndunda akatikisa kichwa. "Asi! Mtu hai hawekwi kwa karatasi ya kifo. Hiyo ni kukiita."

Chai ililetwa. Ya pili ikaletwa. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini simu ilipolia. Alikuwa Peris, mama wa ile ofisi ya Syokimau.

"Linki yako haifunguki," Peris akasema. "Umebadilisha nia? Tunafunga saa sita."

Kwenye simu, Syombua angeweza kubonyeza mara moja na tovuti irudi yote kama ilivyokuwa. Kuutoa ule ukurasa kulihitaji kompyuta, na kompyuta ilikuwa Machakos. Ilikuwa airudishe yote pamoja na fremu nyeusi na njiwa, au aiache. Alisimama pale na simu mkononi, watu wote wakimtazama, na nilijua anafikiria nini kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiria hivyo hivyo: Alhamisi ijayo, na ile inayofuata.

Akamwambia baba yake ukweli wote. Kwamba kuna kazi, kwamba inafungwa saa sita, kwamba hawezi kuipata bila kumweka tena kwenye ile fremu. "Ukikataa, Baba, naiacha. Sitasema kitu."

Ndunda akaanza kusema. Mzee akainua mkono.

"Kwanza nisomee vile umeandika."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Si walikuja kunizika? Wacha wasikie."

Akafungua nakala ya ukurasa iliyobaki kwenye simu yake, akasoma. Nilikuwa nimekunja maelfu ya programu zake na sijawahi kumsikia akisoma hata moja. Sauti ilikuwa ndogo. Alisoma jinsi mzee alivyochimba matuta ya shamba lile peke yake, miaka mitano, akianzia juu ya mlima kwenda chini. Jinsi alivyoenda kanisani kila Jumapili na kukaa karibu na mlango, ili mvua ikinyesha awahi kufunika ndengu. Jinsi binti yake alipofika darasa la saba akiandikia sakafuni, yeye alivyong'oa mlango wa ghala akautengenezea miguu, ukawa meza. Meza ile ilikuwa bado na komeo lake. Msimu mzima ghala halikuwa na mlango, na mzee akalilinda kwa fimbo. Hakuwahi kumwambia mtu kwa nini.

Akamaliza. Mama mmoja alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

Mzee Wathome alikuwa anaangalia kofia yake. "Ilikuwa misimu miwili," akasema. "Ya pili wewe ulikuwa umeenda bweni."

"Nitarekebisha."

"Na hapa?" Akaweka kidole kwenye kioo cha simu, pale penye mwaka wa kuzaliwa na kistari. Macho yake hayaoni vizuri. "Baada ya hii mstari umeandika nini?"

"Sijaandika kitu, Baba."

"Sawa. Rudisha." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeagiza dawa ya mbuzi, akaongeza, "Na ukienda huko kwa kazi yako, usikuje kuitoa. Siku yenyewe ikifika utakuwa umechoka kulia, na hapa hakuna mwingine anajua kuniandika."

Syombua alibonyeza. Ilikuwa saa sita kasoro dakika saba.

Walimchukua, kwa majaribio kwanza, kisha moja kwa moja. Anaishi Syokimau sasa, na ananiambia kazi ile nayo inachosha, ila kwa njia nyingine. Kila mwisho wa mwezi anaenda Kithyoko, jambo ambalo hakulifanya miaka yote aliyokuwa hapa karibu. Meza yake Mutiso hajampa mtu. Ananipa mimi kazi zote mbili na kuniita hodari. Nimejifunza kuondoa mabega ya majirani. Tai bado zinanishinda.

Alhamisi, kabla familia ya kwanza haijapanda ngazi, nafungua tovuti yake kwenye kompyuta kubwa na kwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mzee. Sisomi. Naangalia tu pale baada ya kistari, naona bado hakuna kitu, halafu naufunga na kuanza kuweka njiwa.