Sauti ya Neli Ndani ya Sloti

Watu wa Mwaya waliijua sauti ya Neli kabla hawajaijua sura yake. Ndiyo iliyopita barabarani kwenye gari la matangazo, ikieleza chanjo ya watoto inatolewa zahanati gani, mkutano wa kijiji ni lini, nani amefariki na anazikwa wapi. Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye upole, isiyo na haraka. Mama mmoja wa Busale aliwahi kusema kwamba hata msiba ukitangazwa na Neli, mtu anapata nguvu ya kutafuta kanga na kuanza safari.

Matangazo aliyarekodi Kyela mjini, kwenye studio ya Lutengano, chumba kimoja chenye magodoro ukutani na darini ili kelele za mvua kwenye bati zisiingie kwenye maiki. Mwanzoni mwa masika Lutengano alimwita. Kulikuwa na kampuni ya Dar es Salaam iliyotaka sauti ya mwanamke wa huku.

"Ni mchezo wa kwenye simu," alimwambia. "Wa historia. Misafara ya zamani, pembe za ndovu, ngoma, mambo ya mababu."

Neli akadhani ni wa wanafunzi. Alirekodi maneno mafupi mafupi: Karibu. Twende. Umekaribia! Jaribu tena. Neno la mwisho kampuni ililitaka kwa Kinyakyusa, ili wachezaji wa huku wajisikie nyumbani: *Isaga*, yaani njoo. Lutengano alimwambia aliseme kama anavyomwita mtu wake. Neli akamfikiria mume wake, Sylvester, akiwa kwenye shamba la kakao na chakula kiko tayari. Akalisema mara moja tu, likakubalika.

Mvua zilipokolea, kampuni ilituma mchezo wa majaribio na kuwaomba wote wawili waucheze, waseme kama kuna kitu hakijakaa sawa, iwe picha au sauti. Waliufungua pale studio, kwenye simu ya Lutengano.

Ulikuwa mzuri, lazima isemwe. Ziwa lilichorwa kama lilivyo asubuhi, milima ikishuka mpaka majini. Ngoma ikaanza polepole. Halafu zikatokea safu za picha zinazozunguka: pembe, bunduki, mamba, mnyororo, na mwanamke aliyebeba mzigo kichwani. Mwanamke huyo hakuchorwa uso.

"Kumbe ni kamari," Neli alisema.

Lutengano alikuwa akikunja waya wa maiki. "Ni sloti," alijibu. "Ila ya historia."

Neli akabofya. Safu zikazunguka, minyororo miwili ikasimama. Wa tatu ukaja taratibu, taratibu, ukapita mstari kidogo sana. "Umekaribia!" ilisema sauti yake mwenyewe, kwa furaha, kama anayemjua. Alishtuka. Akabofya tena. Ikawa vilevile: miwili, na wa tatu ukachelewa ukapita. Hata alipopoteza karibu kila alichoweka na kurudishiwa kidogo, tarumbeta zililia na sarafu zikamwagika kwenye kioo, kana kwamba amepata.

Kisha wakatokea wanawake watatu kwa mpigo. Minyororo ikawafunga shingoni, kioo kikawa cha dhahabu, na mbele yake yakafunguka matete ya ufukweni. Maandishi yakamwambia aguse matete aone kilichojificha ndani. Na sauti yake ikaanza kuita: *Isaga. Isaga.*

Akayagusa matete.

Bibi yake, Tulinagwe, aliwahi kumsimulia jambo alilolipata kwa bibi yake yeye. Enzi za misafara watu wenye bunduki walivamia vijiji vya ufukweni, na waliosalia wakakimbilia kwenye matete, maji yakiwafika kifuani. Nyuma yao kulikuwa na mamba, mbele yao bunduki. Walikaa humo kimya. Ndipo wakasikia sauti ya jirani yao, mwanamke waliyemfahamu, ikiwaita kwa lugha yao kwamba watu wabaya wamekwisha kwenda, njooni. Alikuwa amekamatwa, na kisu kiko shingoni mwake. Waliotoka wote walifungwa. Bibi wa Tulinagwe, msichana mdogo wakati huo, hakutoka kwa sababu miguu ilimkatalia. Tulinagwe kila alipoisimulia habari hii alitazama mlangoni.

"Neli," Lutengano alisema. "Gari lako la kurudi litakuacha."

Neli akatazama dirishani. Mvua ilikuwa imekatika na matope yameanza kukauka, wala hakuwa ameona. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kioo, kinabofya. Hilo lilimtisha kuliko matete.

Kesho yake mbunifu wa mchezo alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Aliitwa Jubilate, kijana mstaarabu, mwenye kusikiliza.

"Dada Neli, tuambie ukweli. Hakuna kukasirika."

"Mnyororo mmeufanya zawadi," Neli alisema. "Mtu anafurahi akiona watu wamefungwa. Na yule mama mmemnyima uso."

"Naandika. Endelea."

"Mtu akiliwa hela, mchezo wenu unashangilia. Ule wa tatu unachelewa makusudi ili moyo ukae juu, halafu mimi nasema amekaribia. Amekaribia wapi, kaka yangu? Hakuna karibu pale. Na hakuna mahali mchezo unapumzika mtu akakumbuka ana safari. Hata saa ya simu mmeificha."

Jubilate aliacha kuandika. "Hayo ya mwisho ndiyo sloti yenyewe, dada. Nikiyaondoa hakuna mchezo. Ila mnyororo tunaweza kuutazama."

"Basi niondoeni mimi."

"Wewe?" Alicheka, bila ubaya. "Tuliwajaribu watu kwa sauti kadhaa. Wanaosikia yako ndio wanaokaa muda mrefu zaidi. Wanasema ni kama kuitwa na mtu wa nyumbani. Hatuwezi kukuondoa, na ulikwisha kukubali itumike."

Neli alishukuru kwa adabu kama alivyolelewa, akakata simu, akakaa chini pale pale mlangoni.

Mchezo ulitoka kakao zikianza kuiva. Siku ya kwanza aliisikia sauti yake sokoni Kyela, ikitoka nyuma ya magunia ya mchele. Akageuka kama mtu aliyeitwa. Baadaye akaisikia kwenye kijiwe cha bodaboda, kisha kwa fundi cherehani, kisha kwenye mfuko wa shati la mwanakwaya mwenzake aliyesahau kuizima. *Umekaribia! Isaga.* Watu walimsalimia, "Ugonile, Neli," naye akaitikia kwa kichwa tu. Alianza kuogopa kufungua mdomo.

Alasiri moja alikuwa jikoni akichambua mboga. Akasikia anaita. Sauti yake ilikuwa nje, mbali kidogo, upande wa kakao, ikimwita mtu kwa upole ule ule. Akashika mdomo wake kwa mkono kuhakikisha umefungwa. Ikaita tena.

Alitoka akaifuata. Kivuli cha kakao ni kizito, na majani makavu yalilia chini ya miguu, lakini Sylvester hakumsikia akija. Alikuwa amechuchumaa kwenye shina, simu mkononi, jasho limemtoka, kisu cha kupasulia kakao kimeanguka pembeni.

"Baba Lusungu," Neli alisema.

Mume wake aliinua macho, akatazama simu, akamtazama yeye, kama hajui amjibu yupi.

"Uliniita," alisema.

"Ni hiyo simu."

"Najua ni simu." Alijifuta uso. "Lakini ni wewe. Nikiizima bado nakusikia. Nakusikia nikiwa kanisani, mama Lusungu. Naogopa."

Neli akakaa naye chini kwenye majani. Hakumgombeza. Wakashikana mikono mpaka kuku walipoanza kutafuta pa kulala.

Jumatatu alipanda gari la matangazo. Baada ya tangazo la mbegu alishika maiki akasema, "Mimi ni Neli wa Mwaya. Kuna mchezo kwenye simu unawaita kwa sauti yangu. Nimelazimika kuwaambia: mkinisikia humo, msije." Alirudia hivyo Mwaya nzima, akaendelea mpaka Njisi, dereva akimtazama kwa jicho la pembeni. Baadhi ya kina mama walisimama wakasikiliza. Vijana wa kijiweni walicheka, na mmoja akamkimbilia dirishani.

"Dada, unaitwaje huo mchezo?"

Hakumwambia. Lakini jioni ile ile Lutengano alimweleza kwamba waliokuwa hawaujui sasa wanautafuta.

Haukupita muda Jubilate akamwandikia ujumbe. Alisema wamefuata maoni yake: minyororo imeondolewa, zimewekwa shanga, na yule mama amechorwa uso, mzuri sana. Watu wameupenda kuliko mwanzo. Alimshukuru. Matete yalibaki, na sauti ilibaki.

Sylvester alimpa Lutengano simu yake auze, naye akanunua kitochi, simu ndogo ya vibonyezo. Anaendelea vizuri, ukimwuliza mchungaji. Neli ameacha matangazo, na nyumbani haiti mtu tena. Chakula kikiwa tayari anatembea mpaka kwenye kakao na kumgusa mume wake bega.

Juzi alipofika, Sylvester alikuwa amempa mgongo, anapasua kakao.

"Nakuja," alisema bila kugeuka.

"Sijakuita," Neli akamjibu.

Kisu kikasimama. Wakabaki hapo, wote wawili, wakisikiliza.