Ukiulizwa Kama Unamtafuta Mkurya

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa nyuma ya dirisha la tiketi pale Bunda, na abiria wa kwanza hakutaka tiketi. Alitaka kujua Dar es Salaam kukoje. Mimi nilikuwa binti wa Butiama, nimemaliza kidato cha nne juzi juzi, na mji mkubwa nilioujua ulikuwa Musoma. Nikamjibu kwa mkato kwamba sijui, nenda ukaone. Mkuu wa Kituo, mtu wa Tanga mwenye sauti ya taratibu, alisubiri yule abiria aondoke. Akaniambia, "Binti, abiria humuuzii kiti tu. Unamuuzia na kule anakokwenda. Kama hukujui, uliza."

Basi nikaanza kuuliza. Nilikuwa nawabana madereva na makondakta wakishuka kunywa chai, nawauliza wenye ndugu huko, nauliza hata wanafunzi wanaorudi likizo. Niwaambieni ukweli, nilielekeza watu Dar es Salaam miaka na miaka kabla sijaikanyaga. Wenzangu walinitania kwamba nauza mbuzi nisiyemfuga. Nami nikawajibu kwamba mbona mbuzi mwenyewe anafika.

Hiyo ilikuwa miaka ya shida. Dizeli ilikuwa ya kuvizia, matairi yametiwa viraka mpaka viraka vimetiwa viraka, na basi likiharibika Lamadi mnalala Lamadi. Sisi tulimfikisha abiria Mwanza tu, kisha anapanda treni. Hiyo tuliiitaga kuunganisha, yaani tunapanga basi lifike kabla treni haijaondoka, na tukikosea mtu anakaa stesheni na watoto mpaka treni nyingine. Jina lake nililiandika kwenye webili, ile karatasi ya majina ya abiria anayokwenda nayo kondakta. Halafu ndipo naanza mafundisho.

Nenda na barua ya mjumbe wako, kwa sababu siku hizo mgeni asiye na kazi mjini alikuwa anaweza kukamatwa na kurudishwa kijijini. Vua sweta ukifika Morogoro, utanishukuru. Ukishuka stesheni usimpe mtu mzigo wako, hata akikuita shangazi. Maji ya kule ni ya chumvi, si ya kuchota na kupikia kama ya kwetu. Hilo la maji mnacheka, lakini kuna bwana wa mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, huko rasini, alifika akafulia shati lake baharini, likakauka gumu kama ngozi ya ng'ombe, na ndilo alilokuwa avae kwenye harusi.

Na lugha. Sisi wa Mara tukitaka chai tunasema leta chai, na hakuna anayekasirika. Mkuu wa Kituo alinifundisha kwamba pwani hiyo ni ugomvi. Kule mtu anasema naomba, hata kama chai anainunua. Nilikuwa nawarudisha watu wazima dirishani waseme "naomba" kama darasa la kwanza, na wengine walininunia kweli kweli.

Baadaye nikahamishiwa Musoma, ofisi ya Iringo, kama karani mwandamizi. Biashara ikafunguliwa, mitumba ikajaa sokoni, na mabasi ya watu binafsi yakaanza kwenda Dar moja kwa moja kwa kuzungukia Nairobi, na ya kwetu yakafuata. Bosi wangu wa pale tulimwita Meneja wa Tawi, mtu wa mahesabu, hana maneno mengi. Hakupenda mafundisho yangu, maana foleni ilikuwa inafika barabarani.

Ni pale Iringo alipokuja Mama Masatu. Alikuwa Mjita, mke wa mvuvi, mwembamba, anatembea wima. Mumewe alikuwa mgonjwa, na waganga wa hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, nanyi mnajua maana yake. Mzee alikuwa anaomba kitu kimoja tu, amwone mtoto wao Masatu kabla hajafunga macho. Masatu alikuwa Manzese, huko Dar, fundi wa kuchomelea mageti, hajarudi tangu aondoke. Barua zilikuwa hazijibiwi, kwa sababu sanduku la posta lilikuwa la tajiri wake wa zamani.

Yule mama nilimpa mafundisho yote. Nikamwambia asitangetange, akifika Manzese aulize nyumba ya mjumbe wa nyumba kumi, maana mjumbe anajua kila aliyelala kwenye eneo lake. Aliyarudia maneno yangu moja baada ya jingine, akasema na "naomba" bila kuninunia. Akapanda.

Akarudi peke yake. Nilimwona anashuka, nyuma yake hakuna mtu. Nikafunga dirisha, watu wakapiga kelele, nikawaacha wapige. Nikamkalisha kwenye gunia la dagaa la abiria fulani, nikampa maji.

Alisema mji ule hauna adabu. Alikuwa amefikia kwa watu wa kanisa, akazunguka Manzese kwa wajumbe mmoja mmoja akimuulizia Masatu, mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, na hakuna aliyemjua. Mjumbe mmoja, mama wa Kizaramo, alijitahidi. Alimuuliza kama anayemtafuta si Mkurya, yule fundi wa mageti wa nyumba ya pili.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nikamwambia mimi nimezaa Mjita. Sijazaa Mkurya."

Alilisema kwa heshima zake zote. Na mimi, ambaye nimeolewa na Mkurya halisi wa Tarime, ningeweza kununa, lakini nilikuwa nimeshaelewa, na nilijisikia kulia. Nikamshika mkono.

"Mama, kule pwani sisi wote wa Mara tunaitwaga Wakurya. Mjita, Mzanaki, Mwikizu, wote. Hawatutenganishi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akaweka maji chini. Halafu akasema polepole, "Basi nilifika mlangoni kwake." Akaziba uso kwa khanga.

Nikaingia kwa Meneja wa Tawi. Nilimwomba dereva wa basi la kesho ashuke Manzese amtafute kijana. Akanikumbusha kwamba kampuni imekataza dereva kutumwa na mtu, kwamba sisi tunabeba abiria na mizigo, si maneno ya watu. Nikamwambia basi ayahesabu hayo maneno kuwa mzigo, na kama ni kufukuzwa, anifukuze mimi. Nilikuwa nimepandisha sauti, nakiri, na mlango ulikuwa wazi. Akaangalia nje, akamwona yule mama kwenye gunia. Akaita dereva mwenyewe. Alimwambia, "Usimuulizie Masatu. Muulizie Mkurya wa mageti. Ukimpata, mwambie baba yake anamngoja." Nilifanya kazi chini yake mpaka alipohamishwa, na hatukuwahi kulizungumza tena.

Kijana alishuka Iringo na basi lilelile liliporudi, mikono ina makovu ya moto wa kuchomelea. Aliniuliza jambo moja tu, kama kuna gari la kwenda kwao jioni ile. Nikamwambia pick-up ya samaki iko upande wa soko, lakini akimbie. Akakimbia kweli.

Alimkuta mzee hai. Mama Masatu alikuja kunihadithia baada ya mazishi, ameniletea samaki, sato wakavu. Alisema mzee alimshika mtoto uso mzima kwa viganja, kisha akamuuliza huko mjini wanamwitaje. Kijana akajibu kwa aibu. Mzee akacheka mpaka akakohoa, na alikuwa hajacheka siku nyingi. Tangu hapo akitaka maji alisema mwiteni yule Mkurya wangu. Aliondoka siku ya Jumapili, watu wako kanisani, mtoto amemshika mkono.

Toka siku hiyo nikaongeza somo langu, na hakuna aliyekata tiketi ya Dar kwangu bila kulisikia: ukiulizwa kama unamtafuta Mkurya, sema ndiyo, kwanza umwone.

Sasa nimestaafu, nakaa Buhare, nalima mihogo na kugombana na kuku. Wajukuu wananiambia kazi yangu siku hizi iko ndani ya simu. Sawa, siwapingi, simu inajua barabara zote. Lakini sijaisikia ikimrudisha mtu dirishani aseme "naomba". Nawaambia wale wanaoanza kazi za kuhudumia wasafiri, mtu akikuuliza njia, muulize na anayekwenda kumwona.

Masatu hakurudi Manzese. Alifungua karakana kijijini, anachomelea baiskeli na injini za mitumbwi. Mwaka nilioacha kazi nilikwenda huko kwenye ubatizo wa mtoto wake, na nilipokaribia mwaloni nikasikia sauti ya mwanamke mzee inaita, kali, ya kuvuka maji, hata walio kwenye mitumbwi wakageuka.

"We Mkurya! Njoo ule!"

Alikuwa mama yake.