Isale kwa Mama Hodan

Harufu ya ubani ilifika kwetu kabla ya salamu. Ilikuwa asubuhi ya msimu wa mvua, mtaa wetu wa Olasiti bado ukiwa mashamba ya mahindi na matope ya kunata, na harufu hiyo ikavuka uzio wetu wa mimea ya masale hadi jikoni. Mama akatoka na mwiko mkononi kuangalia nani anachoma nini. Ndivyo tulivyomjua Mama Hodan, Msomali aliyekimbia vita kwao, akapitia Nairobi, akaishia chumba cha jirani na binti yake Hodan na mbuzi mmoja wa maziwa. Mtaani hawakukosa la kusema: Wasomali wana maringo, hawali kwa watu. Hilo la kula lilikuwa kweli. Alikuletea sambusa za moto, lakini ukimkaribisha nyama aliweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema ameshiba. Hakujua nani amechinja, na hakutaka kumwaibisha mtu kwa kumuuliza. Dada yangu Ndeshi, aliyesoma darasa moja na Hodan, aliumia sana, maana yeye alikula kwao hadi nguo zake zikanukia ubani.

Kipaimara cha Ndeshi kilipokaribia, aliomba kitu kimoja tu: Mama Hodan ale kwetu. Baba, mzee wa kanisa na Mchaga asiyekubali kushindwa kwa ukarimu, alivuka uzio mwenyewe kumwahidi kwamba ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima, atachinjwa na Mzee Juma, Mwislamu aliyechinjia mtaa mzima. "Kama ni neno lako, Baba Elia, nitakula," alijibu. Mpango huo ulimkaa vibaya kaka yetu Elia. Kipaimara chake kilipita kwa wali na soda, kwa kuwa mwaka ule biashara ya baba iliyumba. Sasa mdogo wake anachinjiwa mbuzi, tena bila kisusio, supu ya damu tunayoipenda Wachaga, kwa sababu Mzee Juma angeimwaga damu yote chini. "Tumekuwa wageni kwetu," alinung'unika, nasi tukamcheka.

Siku yenyewe wazazi na Ndeshi walitangulia kanisani, wanawake wakawa mbele ya nyumba wanakaanga vitunguu, na Elia akaachiwa kazi ya kumwita Mzee Juma. Hakwenda. Nilimkuta nyuma ya migomba amemlalia mbuzi, amembana mdomo na pua mpaka akaacha kurusha miguu. Kisha akamchoma kisu shingoni na kukinga damu kwenye sufuria. Sikushtuka hata kidogo. Babu, kule Kilimanjaro, alifanya vilevile. Nilishtuka mchana. Mama Hodan alikuwa ameketi kiti cha mbele, amevaa shela lake zuri, anakula. Ndeshi alimtazama kwa furaha ambayo sijaiona tena usoni pake. Ndipo Mzee Juma akaingia kama mgeni mwingine, na baba akamshukuru kwa kazi ya asubuhi. "Kazi gani, mzee? Mimi sijaitwa," alisema kwa sauti ya chini. Baba alimgeukia Elia, akamwona anavyoangalia chini, akajua. Nikangoja aseme. Akamshika Mzee Juma mkono, akamwongoza kwenye wali mtupu. Halafu yule baba yangu, aliyetusomea amri za Mungu kila jioni, akampitia Mama Hodan na kumwambia, "Ongeza, mama, jisikie nyumbani." Funika kombe mwanaharamu apite, wanasema, lakini mle kombeni alikuwemo mtu.

Kesho yake nyumba iliwaka moto. Ndeshi alipojua alimrukia Elia kwa kucha, kisha akaapa hatamwita kaka tena. Mama alitaka wakaseme kweli. Baba akakata jani la isale uzioni, akalifunga fundo, akaenda na Elia. Kwetu isale ni jambo zito: ukiliona mkononi mwa aliyekukosea unajua anaomba radhi, huulizi mengi, wala hulikatai. Mama Hodan alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawapa chai ya iliki. Baba akarudi kifua mbele. "Yamekwisha," alisema. Jioni Ndeshi alinivuta uzioni. Mbuzi wa Mama Hodan alikuwa anamalizia jani letu, fundo likining'inia mdomoni, na mwenyewe anamkamua huku akiimba. "Hamkumwambia!" Ndeshi alimpigia baba kelele. Baba akajibu kwamba isale limepokelewa, na tangu hapo hakutaka kusikia habari hiyo. Baadaye majirani wale walihamia Nairobi. Ndeshi alitimiza kiapo chake. Yeye na Elia walikua, wakaoa na kuolewa, na kwenye misiba ya ukoo alikaa upande asiokaa Elia.

Mwaka huu Hodan alikuja. Olasiti ya leo ina lami na maghorofa, na bucha la Msomali liko pale palipokuwa na mahindi. Mama alituita sote. Hodan alitusalimia, akampa baba shikamoo kwa heshima, akatuambia mama yake amefariki. "Mpaka mwisho aliwataja," alisema. "Alisema katika miaka yote ya ukimbizi, ni nyumba moja tu alimokula nyama bila wasiwasi."

Baba, mzee sasa, akasema haraka, "Karibu chai, mwanangu." Elia akasimama, akatoka. Tulimwona dirishani amesimama kwenye masale, na baba akashusha pumzi. Lakini Elia alirudi mikono mitupu. Akapiga magoti mbele ya Hodan, mwanaume mwenye mvi, akasema, "Mbuzi yule hakuchinjwa. Nilimnyonga mimi, nikamlisha mama yako. Baba alijua. Tulileta jani, hatukusema."

Hodan aliweka kikombe chini polepole. "Ungemwambia yeye," alisema. "Angekusamehe. Mimi sijui."

Akachukua mkoba wake na kutoka. Hakuna aliyemzuia. Elia alibaki magotini, na baba alikuwa akiangalia mikono yake kana kwamba si yake. Ndeshi alinyanyuka, akapita mbele yetu wote, akamshika Elia begani.

"Kaka," alisema, "inuka."

Hakuinuka.