Mwalimu wa Mafiga

Upumbavu wangu niliufanyia kantini ya kazini, Croydon, nilipojigamba kwamba nimelelewa kwa moto wa kuni. Uongo mtupu. Nimelelewa Magomeni kwa jiko la mafuta ya taa, na hata hilo alikuwa akiliwasha dada.

Rafiki yangu akaacha kutafuna. Aliletwa Landani akiwa na miaka minne, na mwezi wa nane alikuwa anakwenda Kilosa kumwona bibi yake kwa mara ya kwanza. Alitaka ampikie ugali kwa mkono wake, kwa kuni.

"Please, kaka, nifundishe. Jumamosi, msituni."

Ndivyo mimi, mtu wa kulala na soksi, nilivyojikuta nimechuchumaa kwenye tope la Januari mbele ya vijiti vilivyolowa. Ilikuwa saa tano asubuhi. Basi la kurudi, saa kumi.

Nikapanga mafiga kwa mbwembwe, mawe matatu niliyoyaokota kijitoni. Nikapuliza. Moshi ukanirudia wote usoni. Yeye kila nilichofanya alikiandika kwenye daftari.

"Na kukohoa pia, kaka, ni lazima?"

"Andika."

Kibiriti kilipobaki na njiti mbili, akatoa mfukoni kipande cha mpira wa baiskeli, akakiwasha, moto ukashika. Nikamwambia nilikuwa namjaribu tu.

Maji yakachemka, nikamimina unga, nikaanza kusonga. Ghafla figa moja likapasuka, paa! Sufuria ikalala ubavu, cheche zikaniunguza nyusi. Tukala uliobaki, mbichi, una majivu. Akafumba macho.

"Kumbe ndiyo ladha ya kwa bibi!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Nikamtazama alivyofurahi, nikamwongezea tonge.

"Jumamosi ijayo tena," akasema. "Kila Jumamosi, mpaka nisafiri."

Niliporudi nikamsimulia jirani wa mlango wa pili, mama wa Bukavu aliyepikia kuni nusu ya maisha yake. Nilimwambia yote, hata uongo wangu, nikitegemea pole.

"Mawe ulitoa wapi?" akauliza.

"Mtoni."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Jiwe lililokunywa maji haliwekwi motoni, kwao hata watoto wanajua. Kisha kicheko kikakatika, akanikazia macho.

"Kesho umwambie huyo mtoto wa watu ukweli, umulete kwangu nimufundishe. Na wewe ukuje, utaosha sufuria."