Mbawala Aliyelazwa Uzazi

Mwaka ule nilinenepa mpaka pete ya ndoa ikagoma kutoka kidoleni, na bado mama mkwe wangu alikuwa akinitazama kwa huruma na kusema nimekonda. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza. Kwetu Uchaggani mwanamke aliyejifungua hafanyi kazi kwa miezi mitatu. Hafagii, hachoti maji, hatoki nje. Anakaa ndani, anafunikwa, analishwa, na kazi zake ni mbili tu: kunyonyesha na kumaliza bakuli. Anayemlea ni mama mkwe, na mzazi akitoka uzazini amekonda, aibu si ya mzazi, ni ya mama mkwe. Wangu hakuwa tayari kuaibika.

Tulikaa Mwika, juu kabisa, karibu na ule ukanda wa msitu ambao watu wanauita nusu maili. Mimi ni mzaliwa wa Masama, upande mwingine wa mlima, na Kichagga changu na chake havikuelewana, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Yeye alikisema polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba kutoka Masama ni aina ya uziwi. Mume wangu alikuwa karani mjini Moshi. Alikuja mwisho wa mwezi na sukari, kama ameipata, na kama hakuipata alikuja na habari za sukari.

Kitanda changu kilikuwa jikoni, kwa sababu mzazi anatakiwa kulala penye joto. Jiko letu lilikuwa jengo kubwa la mbao nyuma ya nyumba. Katikati moto, upande mmoja mimi na mtoto, upande wa pili, nyuma ya ubao, ng'ombe, na pembeni ya ng'ombe kizizi cha ndama kilichokuwa kitupu. Moshi ulikuwa wetu sote. Asubuhi nilipewa uji wa ulezi wenye samli, mchana mtori wenye nyama, jioni kitawa, zile ndizi zilizopondwa kwa maziwa, na katikati ya hapo mlaso, yaani damu iliyopikwa, niliyoimeza macho nimeyafumba. Nikiacha kidogo, mama mkwe anakaa mbele yangu na kukitazama kilichobaki mpaka kinakwisha. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea watoto arobaini wananyamaza nikikohoa, na sasa nilikuwa naogopa bakuli.

Lakini nisimseme vibaya. Mama yangu aliyenizaa alifariki nikiwa bado shuleni, na tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nimeshiba. Huyu aliniuliza mara sita kwa siku. Nilimpenda, na ndiyo maana nilishindwa kumwambia kwamba nilikuwa natamani jua mpaka nalia.

Katika wiki ya saba, asubuhi moja, nikasikia mbwa wa jirani wanapiga kelele kwenye kahawa, halafu mama mkwe anawafukuza kwa lugha ambayo haifundishwi kanisani. Mbawala jike alikuwa ameshuka kutoka msituni, mbwa wakamkimbiza, akaruka mfereji vibaya na kuangukia mawe. Mguu wa nyuma ulikuwa umechanika kuanzia gotini na haukanyagi. Alikuwa amejilaza chini ya migomba, anahema.

Baba mkwe, ambaye kwa heshima hakuwa akiingia kwa mzazi, alikuja mlangoni akakohoa, akatoa uamuzi wake akiwa nje, nami nikausikia wote.

"Mwacheni hapo hapo," alisema. "Tufunge mbwa, tusimsogelee. Jioni atapanda mwenyewe. Ana miguu mingine mitatu."

"Na kama hatapanda?"

"Basi hatapanda. Ni mnyama wa porini, hakutuita."

"Aliyeumia akaanguka kwenye kihamba changu ni mgeni wangu," alisema mama mkwe, na mjadala ukaishia hapo, maana kihamba, yaani shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, kilikuwa cha baba mkwe kwa jina tu.

Nikiri kwamba mimi nilikuwa upande wa mama mkwe. Nilipaza sauti kutoka kitandani: "Mlete ndani, mama!" Nilidhani nafanya wema. Tena, kusema kweli, nilifurahi kupata kitu kipya cha kutazama zaidi ya mkia wa ng'ombe.

Akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akambeba mabegani kama mzigo wa majani, akamlaza kwenye kizizi cha ndama. Akaosha kidonda kwa maji ya moto yenye chumvi, akakifunga kwa kipande cha kanga yake. Kisha akasimama katikati ya jiko, mikono kiunoni, akatutazama mimi na mbawala kwa zamu, nikaona kabisa kwamba hesabu yake ilikuwa imekamilika: wazazi wawili.

Ninyi mnaofuga ng'ombe wa kuswaga malishoni hamtaelewa. Sisi ng'ombe wetu anaishi ndani. Anazaliwa ndani, anakula majani yaliyokatwa bondeni na kubebwa kichwani, na siku akiona jua anapepesa macho kama mtu aliyetoka sinema. Kumpenda mnyama, kwetu, ni kumfungia na kumletea. Na kumpenda mwanamke aliyejifungua, ndiyo hivyo hivyo. Kwa hiyo mama mkwe hakufanya kitu cha ajabu. Alimletea mbawala shina la mgomba lililokatwakatwa, majani ya viazi, magadi ya kulamba. Mbawala hakugusa. Siku ya pili akamletea uji wangu wa ulezi. Siku ya tatu niliamka nikamkuta amekaa kwenye kigoda, kijiko mkononi, anambembeleza kwa Kichagga cha kubembelezea watoto, na mbawala amegeuzia uso ukutani.

"Anaringa," aliniambia. "Hata wewe mwanzoni uliringa."

Habari ilienea. Majirani walikuja kumjulia hali mgonjwa, na wengi walimjulia hali hasa sehemu za mapaja. Mmoja alisema kidonda kinaelekea kuoza, kwa sauti ya mtu anayeomba iwe hivyo. Balozi wa nyumba kumi naye akaja, akaeleza kwamba mnyama wa porini ni mali ya serikali na kumweka ndani bila taarifa ni kosa.

"Basi serikali imletee majani," alisema mama mkwe.

Balozi akafikiri, akanywa mbege ya baba mkwe kata mbili, akaomba kwamba kama kwa bahati mbaya mali ya serikali itakufa, yeye aarifiwe mapema.

Kidonda hakikuoza. Kilikuwa kinakauka vizuri. Aliyekuwa anakauka ni mbawala mwenyewe. Alikunywa maji kidogo tu sote tukiwa tumemgeuzia mgongo. Siku ya tano mbavu zilihesabika. Mimi nilikuwa na muda wa kutazama kuliko mtu yeyote nyumbani, na niliona kitu ambacho mama mkwe, kwa kuhangaika na vijiko, hakukiona. Masikio ya mbawala yule hayakugeuka hata mara moja kuelekea chakula. Yalielekea mlangoni. Ndege akilia nje, yalitetemeka. Mlango ukifungwa, yalilala. Nilitazama masikio yale siku nzima, na mwisho nikagundua kwamba nami, kila mlango ulipofunguliwa, nilikuwa nageuza kichwa.

Nilijaribu kusema. "Mama, labda anataka kutoka."

"Atoke aende wapi na mguu ule? Mbwa wamngoje tu? Ngoja apone kwanza." Akanifunika blanketi ambalo sikulihitaji. Ningesema nini? Kwamba kulelewa kwake kunaua? Mwanamke aliyekuwa ananipa damu ya ng'ombe wake na mgongo wake mwenyewe?

Jumapili wote walikwenda ibadani. Nikabaki na mtoto, ng'ombe na mbawala, na yeye alikuwa hanyanyui tena kichwa. Nilijua akikaa mpaka Jumatatu atakufa. Nikimtoa, nje kulikuwa na mbwa, na mapanga, na majirani wema wenye sufuria. Huenda angekufa pia. Na mama mkwe angerudi kukuta kizizi kitupu, angejua kwamba mkwe aliyemlea kama binti yake ameona malezi yake hayafai. Hilo ndilo lililonichelewesha. Si mbwa. Nilikaa kitandani kwa muda mrefu nikimwogopa mama mkwe, halafu nikakasirika, nikajisemea kwamba mwalimu mzima siwezi kuua mnyama kwa adabu.

Nilimlaza mtoto, nikafungua kizizi, nikafungua mlango wa jiko mpaka mwisho. Jua likaingia mpaka kwenye majivu. Mbawala akanyanyua kichwa. Akasimama, akayumba, akasimama tena. Lakini hakusogea. Tulitazamana. Nilimwambia nenda, kwa Kiswahili, kisha kwa Kichagga cha Masama, kisha kwa Kichagga kibovu cha Mwika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni, na mwili nilionao wakati ule ulikuwa unauziba mlango wote. Ili yeye apite ilibidi mimi nitoke.

Nikatoka. Siku ya hamsini na mbili, peku, kichwa wazi. Mbawala akapita karibu nami mpaka nikasikia harufu yake ya moshi, moshi wetu, akaingia kwenye kahawa kwa miguu mitatu, wa nne akiugusisha chini kidogo kidogo. Kwenye mfereji alisita. Akauruka. Kipande cha kanga kikaonekana kwa juu, kati ya migomba, kisha hakikuonekana.

Sikurudi ndani. Nilimchukua mtoto, nikaketi juani kwenye gogo la kupasulia kuni, na hapo ndipo mama mkwe aliponikuta, Biblia kwapani. Baba mkwe akaniona, akageuka haraka akaenda kukagua kahawa ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Yuko wapi?"

"Ametoka, mama."

"Ametoka, au umemtoa?"

"Nimemtoa."

Akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa ameshika kijiko, nadhani bila kujua.

"Na wewe?" akauliza. "Na wewe nimekufunga?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Lakini macho yake yalikuwa yanangoja jibu kweli, nikashindwa.

"Kidogo, mama."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unanipenda sana. Sikupata pa kuingizia neno."

Hakucheka. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwake. Nikasimama, nikamwomba anishike. Akanishika. Tukaenda taratibu kati ya migomba hadi mferejini, tukaangalia kwato kwenye tope. Hatukujua kama mbawala alifika msituni, na hatujajua mpaka leo.

"Mimi mtoto wangu wa kwanza," alisema hapo, kwa ile sauti yake kubwa ya kunieleza mambo, "mama wa mume wangu alikuwa ameshakufa. Hakuna aliyenipikia. Siku ya tisa nilishuka kukata majani, damu inatoka. Yule mtoto hakuishi. Nikasema nikipata mkwe, hatatoka. Hata akitaka, hatatoka."

Alisema hivyo macho yakiwa makavu, akiangalia mahali ninapokanyaga nisiteleze. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akanifuta uso kwa ukingo wa kanga akaniambia ninyamaze, maziwa yatakauka.